Mashine Inayoamka Imeshiba

Mwembesongo, Morogoro
Jumapili, 9 Februari 2025

Baba yangu mpendwa, Mzee Stefano,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Shikamoo ya pili mpe mama hapo alipo, maana najua yuko karibu na anajifanya hasikilizi. Natumaini barua hii imewakuta wazima, kifua cha mama kimetulia tangu zile mvua za Krismasi, migomba ya bondeni haijaangushwa tena na upepo, na wewe mwenyewe unakula vizuri na si kunywa chai ya rangi tu na kusema umeshiba. Mimi huku ni mzima kabisa. Joto la mjini mwezi huu halina adabu, lakini nikifungua dirisha la kazini naiona milima yetu imejifunika mawingu, na hapo napata nafuu kidogo.

Najua utashangaa kuona barua. Siku hizi nani anaandika barua, wakati simu iko mfukoni? Sababu unaijua, baba. Masikio yako yamekula nyundo miaka arobaini, na siri ukiambiwa wewe kwa simu imeambiwa kata nzima. Mara ya mwisho nilipokueleza kwamba nina jipu, ulirudia "Jipu? Wapi?" kwa sauti iliyofika barabarani, na Jumapili iliyofuata watu watatu waliotoka kanisani walinitumia salamu za pole. Hili la leo nataka liingie kwa macho yako kwanza. Nimempa Baraka wa pikapu ya ndizi akuletee mkononi. Nakuomba uchukue miwani yako, uende karakanani, ukae peke yako usome mpaka mwisho. Na wewe mama, kama ndiye uliyefungua bahasha, nakujua, tafadhali irudishe kwa mwenyewe. Zamu yako itafika.

Kwanza nikupe habari za kazi, maana kila tukizungumza unaniuliza kama bado wananipa kompyuta niichezee. Bado wananipa. Mama aliniuliza Krismasi ninafanya nini hasa siku nzima mbele ya kioo, nikababaika hadi akanionea huruma na kuniongezea wali. Ngoja nijaribu tena. Kabla chuma hakijakatwa, mimi nakichora ndani ya kompyuta, urefu wake, unene wake na matundu yake yote. Programu inakigawa chuma hicho cha kuchora katika vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, vimeshikana pembe kwa pembe kama wavu. Kisha naiambia kwamba huku kimeshikwa, huku kinavutwa au kinasokotwa kwa nguvu kiasi fulani. Kila kipande kinapokea mzigo kwa jirani na kumpa jirani mwingine, hadi hesabu ikae sawa. Ni kama mchango wa msiba, kila nyumba inabeba kidogo, na nyumba yenye dhiki ndiyo inayolalamika kwanza. Kipande kisicho na shida kinakuwa cha bluu, kinachobeba kiasi kinakuwa cha kijani, na kilichozidiwa kinakuwa chekundu. Ukiona wekundu unaongeza chuma mahali pale, au unabadilisha umbo, kabla hujampa mtu kitu cha kumwumiza. Wewe ulipoziona picha zile mara ya kwanza ulisema hiyo si shafti, hicho ni kitenge.

Mkuu wetu wa karakana anaitwa Bwana Hafidhi, mtu wa hapa hapa mjini, mtu wa swala tano, mpole wa sauti na mkali wa maswali. Rangi za kompyuta hazimbabaishi hata kidogo. Nikimpelekea mchoro, hatazami picha, ananitazama mimi, halafu ananiuliza kitu hiki atakitumia nani, na siku akikasirika atakifanyaje. Miezi ya mwanzo swali hilo lilinichefua. Nilijiona nimesoma miaka minne kumbe naulizwa habari za hasira za watu.

Mwaka jana mwezi wa nane lilitokea jambo ambalo ndilo limenifikisha kwenye barua hii. Karakana yetu inatengeneza tela la kuvutwa na trekta dogo la mkono, lile linaloongozwa kwa mikono miwili. Kule Mlali viungo vitatu vya tela, vile vinavyolishikisha kwenye trekta, vilikatika msimu mmoja. Nilikichora kiungo kile upya mara tatu, nikakipa mzigo wa tela lililojaa nyanya pomoni, na mara zote kikawa cha bluu kama kanga mpya. Nikamwambia Bwana Hafidhi kwamba kosa ni la wachomeleaji, au wakulima ni wakorofi. Hakubishana. Alinituma Mlali nikakae siku mbili, nisifanye chochote isipokuwa kutazama.

Nilifikia kwa mkulima mmoja anaitwa Yusuph, anayelima nyanya na hoho karibu na mfereji. Siku ya kwanza nilitazama nikasinzia. Siku ya pili tela likazama kwenye tope pale linapovuka mfereji. Yusuph akavua kandambili, akamwita ndugu yake, wote wawili wakapanda juu ya kiungo na kuanza kuruka, hop, hop, ili magurudumu ya nyuma yanyanyuke. Nikapiga kelele. Nikamwuliza kwa nini anafanya vile. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini anakula, akasema nyanya hazisubiri, na kila mtu wa bonde lile hufanya hivyo tangu matela yaletwe. Halafu akaniuliza yeye, kwa upole kabisa, kwani hicho chuma hakikuambiwa kwamba huku kuna matope?

Nilirudi kazini nikawapandisha watu wawili juu ya kiungo kile ndani ya kompyuta, wakiruka. Kikawa chekundu pale pale vilipokatikia vile vitatu. Programu haikuwa imenidanganya hata siku moja. Ilijibu nilichoiuliza, na mimi sikuwahi kuiuliza habari za Yusuph. Bwana Hafidhi alifurahi sana, akaniagizia sambusa. Mimi nilizishika mkononi tu, kwa sababu nilikuwa nimeikumbuka ile mashine ya kusaga ya kwetu Matombo.

Sasa tufike kwenye simu yako ya wiki mbili zilizopita. Uliniambia kikundi cha akina mama kimekufuata tena, kwamba shafti ya mashine yao ya kusaga imelika na wanataka uwakereze nyingine. Ukawakatalia mara mbili. Mara ya tatu wamekuja na mama akiwa katikati yao, ukashindwa. Ukaniambia utaifanya, ila kwa sharti kwamba mimi nichore kila kitu kwenye kompyuta, na wewe utafuata nukta kwa nukta, kwa sababu jicho lako halifai tena na mkono wako ndiyo kabisa. Ulisema huku unacheka. Na mimi nikacheka. Nilipokata simu nililia, na mwenzangu wa chumba akadhani kuna msiba nyumbani.

Nimekaa na ombi lako siku kumi na nne, baba. Mchoro wenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Kilichonizuia ni kingine, na ili nikieleze inabidi tukumbushane mambo ambayo nyumbani kwetu hayazungumzwi.

Ilikuwa likizo yangu ndefu ya mwaka 2021. Shafti ya mashine ya akina mama ilikuwa imekwisha, na wewe ulitaka kuwatengenezea nyingine ya milimita hamsini, kama ulivyowatengenezea watu siku zote. Shafti zako zilijulikana milima yote kwa unene, watu walizitania kwamba ni miguu ya tembo. Lakini beringi za hamsini mjini hazikuwepo, ilisemekana hadi zitoke Dar, na akina mama walikuwa wanapandisha mahindi kichwani saa nzima hadi kijiji cha pili. Nami nilikuwa nimetoka chuoni na kompyuta yangu na kiburi changu. Nikaichora shafti, nikaikata vipande, nikakuonyesha bluu toka mwanzo mpaka mwisho, nikasema arobaini inatosha, na beringi za arobaini zimejaa kila duka.

Uliizunguka ile arobaini siku tatu. Ulikuwa unashika kipande cha hamsini mkono huu na cha arobaini mkono huu, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Siku ya tatu ulisema kwamba kama mtu hamwamini mtoto aliyemsomesha mwenyewe, basi alimsomesha kwa ajili ya nani. Ukaikereza siku moja. Sijawahi kuona shafti nzuri kama ile. Ilimeremeta hadi Padre alipopita akasimama kuitazama, na wewe ukamwambia kila aliyeuliza kwamba hesabu ni ya Editha.

Iliishi miezi kumi na moja. Alhamisi ile ya Julai 2022 mimi nilikuwa nyumbani, nimemaliza mitihani, namenya mihogo na mama. Sote tulisikia ule mlio. Shafti ilikatika pale inapopungua kuingia kwenye puli, puli ikaruka na mkanda wake, ikamkuta Mama Chausiku aliyekuwa zamu ya kuendesha mashine. Mungu aliuokoa uhai wake. Mkono wa kulia haukupona sawasawa, vidole viwili havikunjiki mpaka leo.

Kwenye mkutano wa kijiji ulisimama umeshika kofia. Ulisema kwamba hesabu zilikuwa sahihi, zilifanywa na kompyuta na mtu aliyesoma, na kwa hiyo asitafutwe mtu mwingine. Ulisema mkono wako uliacha kovu la kisu pale kwenye kona wakati wa kukereza, jicho lako la kizee halikuliona, na chuma kikaanza kupasukia hapo. Ulimwomba Mama Chausiku msamaha mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kati ya akina mama, naangalia vidole vya miguu yangu. Tangu siku ile mashine yako ya kukereza imefunikwa turubai na kuku wanatagia chini yake. Unatengeneza bawaba za milango na kuchonga mipini ya majembe, na mtu akileta kazi ya maana unamwelekeza mjini.

Sasa nasema, baba. Hakukuwa na kovu.

Wiki ile niliyotoka Mlali niliitafuta flashi yangu ya chuoni nikafungua hesabu ile ya zamani. Niliiambia programu kwamba mashine inawashwa ikiwa tupu, inachanganya mwendo polepole, halafu ndipo mahindi yanamiminwa. Ndivyo kitabu kilivyosema. Lakini kwetu nani anafanya hivyo? Umeme ukikatika, mahindi ya mtu yamo ndani ya mashine, na hakuna mama anayekubali yatolewe, kwa sababu yakitolewa yatachanganyika na ya mwenzake, na hapo ni kesi ya nani alileta debe kamili na nani alileta la kupunguka. Kwa hiyo yanaachwa humo humo, mwenyewe amekaa pembeni anayalinda. Umeme ukirudi inabonyezwa swichi mashine ikiwa imejaa hadi mdomoni. Mota inaguna, mkanda unalia, na shafti inasokotwa zaidi ya mara mbili ya nguvu niliyoiandika. Na umeme wetu unakatika na kurudi mara tatu kwa siku. Nilipoyaingiza hayo, pale kwenye kona panapopungua pakawa pekundu. Shafti ya hamsini niliijaribu pia, ya kwako, ile mguu wa tembo. Ilibeba bila taabu.

Mpaka hapo ni kosa, na kukosea ni kwa kila mtu. Ninaloungama si hilo.

Siku ya pili katika zile siku tatu, ukiwa umeshika vyuma vyako viwili, uliniuliza. Uliniambia, "Editha, mashine ya huku huamka imeshiba. Hilo umeiambia kompyuta yako?" Nami nikakujibu, bila hata kuinua macho kwenye kioo, kwamba ndiyo baba, nimeshaiingiza.

Sikuwa nimeiingiza. Hata sikuelewa ulichokuwa unasema. Nilidhani ni maneno ya wazee tu, na niliona aibu kukuuliza maana yake, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimewaambia wenzangu chuoni kwamba baba yangu aliishia darasa la nne na likizo hii mimi ndiye ninayekwenda kumfundisha kazi. Nisamehe baba, niliyasema hayo, na walicheka, na mimi nilicheka nao. Kwa hiyo ulipouliza swali la maana kuliko maswali yote niliyoulizwa darasani kwa miaka minne, mimi nilikudanganya ili uninyamazie. Ukaninyamazia. Ukarudi kwenye vyuma vyako, na kesho yake ukakubali.

Na ubaya haukuishia hapo. Shafti ilipokatika, wewe ulijua jambo moja kwa hakika, kwamba Editha alisema ameshaiingiza. Kwa kuwa uliniamini, ilikubidi uutafute ubaya mahali pengine, na mahali pekee palipobaki ni mkono wako. Ukajiundia kovu ambalo halikuwepo, na ukaliamini mpaka ukaacha kazi. Siku ya mkutano sikujua hesabu imekosewa wapi, hiyo ni kweli. Lakini kwamba nilikudanganya nilijua, nilijua kabla hujamaliza kuzungumza, na nilikaa kwenye mkeka. Halafu tangu Agosti najua yote, na Krismasi nimekuja nikala wali wenu na kuku wenu, nikalitazama lile turubai, nikaondoka.

Niliungama kwa Padre wa huku mjini mwezi wa kumi na moja. Alinipa sala nikazisali zote. Lakini Padre hakerezi vyuma, baba, na kila nikifumba macho naona wale kuku wanatagia chini ya mashine yako.

Jumatano iliyopita nilisikia kwamba Mama Chausiku yuko hapa hapa Mwembesongo, amekuja kumhudumia binti yake aliyejifungua. Nilinunua sabuni na kanga nikaenda kumwona mzazi, ndivyo nilivyojidai. Nilimkuta amekaa uani na mjukuu begani, amemshika kichwa kwa kiganja, vile vidole viwili vimesimama pembeni, havimshiki mtoto. Nikashindwa kukaa kwenye kiti. Nikakaa chini na kumwambia yote kama nilivyokuambia wewe sasa hivi, pamoja na lile la kwamba uliniuliza na nikakudanganya.

Hakupiga kelele. Alimhamisha mtoto bega la pili. Kisha akasema hatanidanganya kwamba si kitu, kwa sababu kila siku anasonga ugali kwa mkono wa kushoto na haujawahi kuwa laini, na kuna siku mume wake anaula huku ameinama ili asionekane uso. Akaniuliza, "Baba yako anajua?" Nikasema hajui. Akaniambia basi nimekosea nyumba.

Nilisimama niondoke. Akanizuia, akaniambia jambo ambalo mimi sikuwa nalijua na nadhani hata mama hajui. Alisema tangu ajali ile, kila Februari kabla ya masika, unakwenda shambani kwake alfajiri na jembe lako, unalima ile robo ekari ya mteremkoni mpaka imalizike, na ukimaliza unaondoka. Wala chai hutaki. Mwaka wa kwanza alikufukuza, ukarudi kesho yake. Mwaka wa pili alikuacha. Alisema anakutazama ukipumzika kila baada ya matuta mawili umeshika kiuno, na anaona haya kumtazama mtu mzima anavyojiadhibu, lakini hakujua akuzuie kwa neno gani. Sasa analo, ila akasema si lake kulisema. Akanipa siku saba. Kama sijakuambia, yeye mwenyewe atapanda Matombo na mkono wake huo huo akuambie.

Sikuandika barua hii kwa sababu ya siku zake saba, ingawa nakiri zimenisukuma. Nimeiandika kwa sababu ya kile kiuno. Nilipotoka pale nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nahesabu matuta ya robo ekari. Una miaka sitini na nne, baba. Umelima adhabu yangu misimu miwili, ukiamini ni yako.

Kwa hiyo ombi lako nimelikataa. Ndani ya bahasha hii hakuna mchoro wa shafti. Kuna karatasi moja nyeupe, haina kitu. Nenda kwenye mashine ya akina mama, iangalie jinsi inavyoamka, usikilize mota, halafu utazame kwa jicho lako lile lile ninalokuambia halikukosea hata kidogo, ukachore mwenyewe. Unene ni wako, kona ni yako, beringi nitazitafuta mimi hata kama zitatoka Dar kwa mwezi mzima, na akina mama watanivumilia au watanitukana, yote sawa. Ukimaliza nitumie karatasi hiyo. Nitaichora kwenye kompyuta kama ulivyoandika, nukta kwa nukta, nione chuma kinasemaje kwa mtu anayekijua. Bwana Hafidhi nimeshamweleza habari zote hizi, na yeye anaomba kuiona. Aliniambia amefundisha watu kwa miaka kumi na saba kuuliza lile swali, na hajawahi kulisikia likiulizwa vizuri kama ulivyoliuliza wewe.

Mkutano nao lazima uitishwe tena. Mlikaa watu wote ukasema maneno yale, basi na mimi nitasimama hapo hapo, nami sitakaa kwenye mkeka. Nakuomba umwambie mjomba aitishe, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na aibu hii inamgusa yeye kwanza. Akitaka kunigombeza kabla ya mkutano, nitampigia magoti.

Nimeomba likizo ya siku nne. Nitapanda na Baraka Ijumaa, nilale kwa binamu bondeni, na Jumamosi alfajiri nitakuwa shambani kwa Mama Chausiku. Nimempigia simu jana kumwomba ruhusa. Alisema jembe nije nalo mwenyewe. Sijui utanitazamaje tukikutana, baba. Huenda utageuza uso, na nitaona ni haki yako. Lakini ukitoka nyumbani alfajiri hiyo na jembe lako kama ulivyozoea, ukanikuta nimeshaanza, usiniambie nitoke. Kaa kwenye jiwe, upumzishe mgongo, unitazame nikilima. Na nikilima vibaya, nielekeze. Safari hii nitakuuliza maana ya kila neno.

Nifikishie salamu kwa mama, na sasa unaweza kumpa asome, maana nina hakika amesimama mlangoni tangu ukurasa wa kwanza. Mwambie asilie sana, na kama atalia, asilie huku anapika. Wasalimie majirani wote wa kushoto na kulia, mwambie mjomba shikamoo yake naileta kwa miguu yangu, na yule kuku mwekundu anayetaga chini ya mashine mumtafutie mahali pengine, atanisamehe na yeye.

Ni mimi mwanao niliyekudanganya, ninayekupenda,

Editha Stefano